Sare na Baba Mkwe

Mwamuzi aliposoma nani ninakaa naye meza ya kwanza, nilitamani kurudi Makambako kwa miguu. Baba mkwe! Watu wote wale waliojaa ukumbi wa misheni hapa Njombe, tena mzunguko wa mwisho, nipangiwe yeye. Nafasi ilikuwa moja tu, ya kwenda Dodoma kuuwakilisha mkoa kwenye sataranji. Yeye alikuwa ananizidi nusu pointi, sare ilimtosha. Mimi lazima nishinde. Na Dodoma niliitaka, jamani, niliitaka mpaka nikakosa usingizi.

Nikapiga goti pembeni ya meza, nikamwamkia. "Kamwene, baba." Mwamuzi akaniambia niinuke, hapa ni mashindanoni. Rahisi kwake kusema. Yeye hajaolewa Kitandililo, ambako mkwe huamkiwa kwa goti.

Nilishika nyeupe. Wiki nzima nilikuwa nimejifua kuanza kwa fujo, askofu na farasi watoke mapema wamvamie mfalme. Mkono ukagoma. Nikasogeza askari mmoja kwa adabu, kama ninavyomtengea chai, naye akamzuia kwa wake. Nikasogeza mwingine, akazuia. Kufumba na kufumbua askari wetu wamebanana kifua kwa kifua ubao mzima, hakuna pa kupita, na mimi hata kumtazama usoni siwezi. Nilijichukia. Nimejifungia mwenyewe, halafu nahema kama nimefungiwa na mtu.

Ndipo nikaliona pigo. Farasi wangu amle askari wa pembeni, afe, malkia wangu aingie, mfalme wake hana pa kukimbilia. Lakini ilikuwa bado zamu yake. Akaukodolea ubao, akakuna kidevu, akasogeza ngome hatua moja, akaninyooshea mkono.

"Mwanangu, tufanye sare. Tusiumizane."

Kanuni inaruhusu kukataa. Unaendelea kucheza tu, basi. Lakini umwache mzee wa kanisa, baba wa mumeo, mkono unaning'inia mbele za watu? Thubutu! Nikaupokea kwa mikono miwili.

Jioni, nyumbani, akapanga ubao sebuleni amwonyeshe mume wangu. Mimi nilikuwa nimeshika jagi na beseni, nawanawisha. Akamshika farasi wangu, akamla askari wa pembeni.

"Hapa mkeo alikuwa ananimaliza," akasema, anacheka. "Nilivyoona hivyo, nikawahi kuomba sare."

Mume wangu naye akacheka. Nikammiminia baba maji, akanawa, akasema ahsante mwanangu, na ile suti yake ya kwenda Dodoma niipige pasi mapema.