Neno la Mlangoni

Jumatatu, tarehe 30 Oktoba 1978, nilikuwa nikitikisa kibuyu cha maziwa nyumbani kwetu, karibu na Mto Kagera. Mume wangu Masanja, mchunga ng'ombe wa ranchi, alikuwa akifunga kandambili yake kwa waya. Binti yetu Kulwa alilala mgongoni mwangu. Tulikuwa Wasukuma ugenini, na Masanja alijivunia kwamba hakuna aliyefika kwake akaondoka bila kunywa kitu.

"Hodi!" ilisikika nje.

"Karibuni," aliitikia Masanja, hata hakuinua kichwa.

Walikuwa askari kutoka ng'ambo ya mpaka. Hatukujua kwamba nao walitumia Kiswahili. Tulidhani anayebisha hodi ni mwenzetu.

Walimtoa nje.

Walimpeleka upande wa mtoni, pamoja na ng'ombe. Kandambili moja ilibaki.

Nilirudi Geita na mtoto. Nilijifunza kusoma katika darasa la watu wazima, na huko ndiko nilikozoea kuanza kila ukurasa kwa tarehe. Ila neno alilolisema Masanja halikunitoka tena mdomoni. Tangu Kulwa ajue kusema, mtu akibisha hodi, yeye ndiye aliyemkaribisha. Majirani walisema ni majivuno ya mjane, nami nikawaacha waseme.

Mwaka 1996 Kulwa akapata mchumba.

"Mama, siku washenga wakibisha, nitawaitikiaje mimi ninayeposwa?" aliniuliza. "Watasema nina haraka ya mume."

Alicheka, kisha akanitazama, akaacha kucheka.

Nilikwenda kwa mshauri nasaha mjini Shinyanga, kijana mpole aliyevaa tai. "Mama, fumba macho, urudi siku ile, kisha usamehe," alisema. Nilifumba. Nilipofumbua, mkono wangu ulikuwa umeshika kitasa cha mlango wake. Hakuwa mtu mbaya. Sikurudi.

Wa pili alikuwa Consolata, nesi wa Geita aliyesomea ushauri. Kabla ya swali lolote alisema, "Mayu, chagua kiti." Aliniita mama kwa lugha ya kwetu. Nilichagua kinachotazama mlango.

"Umesomea kupanga viti?" nilimkejeli.

"Nilisomea, mayu. Somo hilo nilifeli, ndiyo maana nawaachia wageni wachague."

Siku hiyo tulizungumzia maziwa tu. Nilipoaga, hakuniuliza kama nitarudi. Aliniuliza akija kwangu afanyeje mlangoni. Hakuna aliyewahi kuniuliza hivyo.

"Usibishe hodi," nilisema. "Nisalimie Kisukuma, ukiwa uani, nikuone."

Akawa anafanya hivyo. "Mwangaluka, mayu!" aliita kila asubuhi aliyokuja, nami nikitoka kumwitikia, "Mhola." Kidogo kidogo nilimweleza yote. Mwishoni nikamwambia lile nililolificha hata kwa Kulwa: nilikuwa nimemkasirikia Masanja kwa kuwakaribisha.

Consolata alisogeza kigoda chake karibu.

"Alikuwa akimkaribisha nani, mayu?" aliuliza.

"Yeyote," nilisema. "Alikuwa mtu wa kukaribisha yeyote." Kisha nikalia, naye hakunihimiza ninyamaze.

Jumamosi, tarehe 14 Septemba 1996, washenga walikuja. Kulwa alikuwa chumbani. Consolata aliketi jikoni, na nilijua hataitikia hodi kwa niaba yangu.

"Hodi hapa!"

Niliweka kibuyu cha maziwa chini.

"Hodi wenyewe!"

Nilitoka hadi mlangoni. Niliwatazama usoni, mmoja mmoja. Walikuwa wazee watatu wenye vumbi la barabarani, na mmoja amekosea kufunga vifungo vya koti.

"Karibuni," nilisema.

Sauti ilikuwa yangu, lakini mkato ulikuwa wa Masanja, ule wa mtu ambaye maziwa yake yako tayari. Niliwamiminia mwenyewe.

Kaburi lake silijui hadi leo, na hakuna mshauri wa kunionyesha. Ila neno lake la mwisho halimo tena mikononi mwa wale askari. Limerudi nyumbani, na wajukuu wake wamelizoea.