Tuta, Shimo na Jumla Yake

Mimi ndiye Mwalimu Godhana wa hesabu, huku Garsen, yule ambaye wanafunzi humuulizia habari za shimo. Afadhali nikueleze mwenyewe kabla hujazisikia sokoni. Kule wananiongezea ujinga, na huu nilio nao unanitosha.

Redio ilipotangaza kwamba mvua za bara zimejaza mto, mke wangu Rebecca alikuwa ametoka tu kuvuna. Mpunga wote ulikuwa kwenye magunia, na ndio chakula chetu cha mwaka.

"Baba Elvis," akaniambia, "tuujengee kibanda juu ya tuta. Lakini udongo uchote kule mbali, mpakani mwa shamba."

Mbali? Msomi mzima nibebe karai kutoka mpakani? Nikachimba papo hapo, mbele ya kibanda. Na kwa kuwa siwezi kushika jembe bila kufundisha, nikamweleza: tuta ni chanya, shimo ni hasi, kila namba ina kinyume chake, na wawili hao wakikutana jumla ni sifuri. Uanze na tuta, uanze na shimo, jibu ni lile lile. Nikamalizia na sifuri yenyewe, namba mpole kuliko zote: iongeze kwenye namba yoyote, namba hiyo haibadiliki.

"Na mlango utaelekea wapi?" akauliza.

Swali la mtu asiyejua hesabu, nikajisemea.

Maji yakaja. Uani yalifika magotini, kibanda kikabaki kikavu juu ya tuta, nami nikasimama mlangoni kama chifu barazani. Jirani yetu Abduba, mfugaji wa Kiorma, alikuwa akiwapitisha punda wake kuelekea mwinuko wa barabara. Nikamwita aje aone kazi ya msomi, nikapiga hatua moja kumlaki. Maji yalikuwa ya magoti kila mahali, isipokuwa pale nilipochimba mwenyewe. Nikazama mpaka kidevuni, matope yakaning'ang'ania miguu.

Kisha ukingo wa tuta ukaanza kumeguka, na ukuta wa mbele ukapasuka. Nilimwona Rebecca akiutazama ule ufa, nikaogopa kweli. Mle ndani mlikuwa na chakula cha watoto wetu.

"Mama Elvis, tuvunje huku nyuma!" Abduba akapaza sauti. "Mwalimu akilowa haozi, mpunga utaoza!"

Wakavunja ukuta wa nyuma kwa panga, wakawapakia punda magunia. Mimi nikatoa maagizo kutoka shimoni. Hakuna aliyeyafuata. Gunia la mwisho lilipotoka, Abduba alinitupia kamba, punda mmoja akanivuta. Tulikuwa hatujafika mbali kibanda kilipoteleza pamoja na tuta lake, kikajaza shimo. Pakawa tambarare, kama nilivyofundisha.

Maji yalipokauka, shemeji yangu Valentine alikuja kutoka Ngao kutupa pole. Akaukuta mpunga mkavu, wali umeiva, akashangaa.

"Nani aliuokoa?"

"Watu wawili," Rebecca akasema huku akipakua. "Abduba na mimi."

"Na Mwalimu je?"

Rebecca akanitazama vizuri, juu mpaka chini.

"Muongeze ukitaka. Jumla ni ile ile."

Iliniuma. Nikainamia sahani yangu ya wali, nikala, nikijua kwamba hakuna mwanafunzi wangu aliyewahi kulielewa somo namna ile.