Wigo kati ya Vumilia na Mzee Danieli

Pikipiki ilikwama kwenye tope juu kidogo ya Magamba, na dereva akatushusha bila maneno mengi. "Kuanzia hapa ni miguu yenu," akasema, akageuza. Clemence alijitwika begani chenso, msumeno wake wa mashine, ikiwa imefungwa ndani ya gunia la mbolea, akanipa mimi panga na bunda la kamba ya katani. Njia ilipanda kati ya viazi na miti ya miwati, kisha ikaingia kwenye ukungu, na kuanzia hapo sikujua tena niko upande gani wa mlima. Nilisikia mbuzi, redio, mtu akikohoa. Nyumba sikuziona mpaka tulipokuwa tumeshazifikia.

"Unaona?" Clemence akaniuliza.

"Sioni kitu."

"Ndiyo maana. Ukungu wote huu, halafu mtu awe na wigo mrefu vile upande wa mashariki. Jua akaliazime wapi?"

Nilikutana naye siku iliyotangulia mjini Lushoto, nyuma ya soko, kwa fundi anayenoa misumeno. Ni mtu wa miaka hamsini na kitu, mfupi, mwenye mabega mapana na sikio la kushoto lililochoshwa na kelele za mashine, kwa hiyo anaongea kama anayemwita mtu ng'ambo ya bonde. Fundi alikuwa anamtania: "Clemence, punguza sauti, mti umeshaanguka." Nilimuuliza kazi yake ni nini hasa. Akajibu kwamba anakata vitu vinavyogombanisha watu. Fundi akadakia kwamba vingine huvikata mpaka watu wanaanza kugombana naye yeye. Wote wawili wakacheka, na Clemence akaniambia kama nina viatu vya maana nimfuate kesho.

Hana kampuni wala bango. Ana simu, na simu anaishika mkewe, Beatha, kwa sababu sikio halimruhusu kupatana na mtu kwa mbali. Beatha akisema kazi fulani haifai, haifanywi. Zinazobaki ni nyingi za kutosha: kupunguza miwati iliyosongamana, kukata matawi yanayolalia mabati, kuangusha mkaratusi mwenyewe akishaonyesha kibali, kunyoosha wigo wa shule, wa kanisa, wa nyumba za wageni. Ujana wake aliumalizia kwenye kiwanda cha mbao, kibarua wa kuvuta magogo. Kiwanda kilipofungwa alitoka na vitu viwili, kama alivyoniambia mwenyewe: kujua gogo linataka kwenda wapi, na hilo sikio.

Wigo wa mpakani ndio anaouogopa. "Mti una mwenyewe mmoja," aliniambia tukipanda, akihema. "Wigo una wenyewe wawili, na kila mmoja anaona upande wake tu." Zamani aliwahi kukata kwa maneno ya mwenye shamba wa upande mmoja, jioni yule wa upande wa pili akaja na panga, na suala likaishia kwa mwenyekiti wa kijiji. Tangu hapo amejiwekea utaratibu, na mlima mzima unaujua. Kabla hajagusa jani, hufunga kamba juu ya wigo pale atakapokata, kisha wenyewe hubadilishana. Wa huku anakwenda kusimama shambani kwa wa kule, wa kule anakuja huku, na kila mmoja anaitazama kamba akiwa kwa mwenzake. Wakikubaliana, anakata. Mmoja asipovuka, Clemence anafunga gunia lake anakwenda nyumbani.

Vumilia alitupokea mlangoni na mikono yenye unga. Ni mwanamke wa miaka thelathini na ushee, mkulima. Mumewe, Martin, huteremka na mboga hadi Tanga na hurudi mwisho wa wiki. Clemence alikuwa ameshapanga kwamba nilale hapo, maana nilitaka kupita msituni asubuhi yake. Lakini hatukukaribishwa ndani kwanza. Alitupeleka moja kwa moja kwenye kitalu chake cha kabichi.

Miche ilikuwa mirefu, myembamba, ya rangi ya njano, mingi imelala. Nyuma yake, upande wa juu wa mteremko, ulisimama wigo wa michongoma iliyochanganyika na miti ya misanduku, umepita kimo cha nyumba. Shamba la juu yake ni la Mzee Danieli.

"Msimu uliopita ilioza yote," Vumilia akasema. "Ikioza na hii, mvua inaisha sina kitu ardhini."

"Mzee anasemaje?"

"Anasema wigo ni wa marehemu mkewe, Marta, haukatwi."

"Ulimwambia habari ya kubadilishana pande?"

"Nilimwambia. Hapo ndipo alipofunga mlango."

Clemence alijikuna shingo. Akasema kitu kwa Kishambaa, Vumilia akajibu kwa Kishambaa, mkali, kisha wakakumbuka kwamba nipo. "Twende tukamsalimie mzee," Clemence akaniambia. "Mama, wewe kaa na chungu chako."

Mzee Danieli alikuwa amesimama langoni kwake kama aliyetusubiri, koti zito, kofia ya sufu imevutwa mpaka nyusi. Tulimpa shikamoo, akaitika marahaba, lakini hakusogea. Nyuma yake nililiona shamba. Matuta yalikuwa yamebomoka kingo. Matete yaliyopandwa kushikilia udongo yalikuwa yameingia ndani, na kilichobaki kilikuwa kimefunikwa na vishonanguo mpaka kiunoni, vimekauka, vimejaa zile mbegu nyeusi zinazonasa nguoni. Hapakuwa na alama ya jembe.

"Haya, umeona," akamwambia Clemence.

"Nimeona wigo, mzee."

"Usinifanye mtoto."

Mzee akaketi kwenye jiwe, akinyoosha goti moja kwa mikono yote miwili. Akaanza kuongea, kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili yangu, au labda maneno yale yalikuwa rahisi zaidi katika lugha isiyo ya nyumbani.

"Bwana shamba alikuwa analeta watu hapa. Wametoka mpaka Zirai, waje waone matuta ya Danieli. Huyo Vumilia alipoolewa hapo chini, nani alimfundisha kupanga mstari wa kabichi? Mimi. Nilimpigia kamba kama hiyo yako. Leo aje asimame hapa?" Akaashiria vishonanguo kwa kidevu. "Marta alipoondoka, na magoti yakakataa. Nikiinama, kuinuka ni mpaka nishike mti. Siwezi kumwita mtu alime, maana nitamlipa nini? Basi wigo ukakua, ukakua, nikasema afadhali unifiche."

"Miche yake inaoza, mzee."

"Najua. Nanusa."

Ukungu ulikuwa unapungua. Clemence aliweka gunia chini na kukaa juu yake. Angeweza kuondoka, utaratibu wake ulikuwa unamruhusu. Mwishowe akauliza:

"Akisimama mtu mwingine badala yake?"

"Nani? Hapa kila jirani ana mdomo."

Wote wawili wakanigeukia.

"Huyu kesho hayupo," Clemence akasema.

"Anajua Kishambaa?"

"Hata kusalimia hajui."

"Najua *onga maundo*," nikasema.

"Hiyo ni ya asubuhi," Mzee Danieli akasema, akitazama juu pale jua lingekuwa. Nusura acheke. Kisha akajiinua kwa bega la Clemence. "Mwambie avute suruali yake juu."

Kazi ya kumteremsha mzee ilikuwa ndefu kuliko ya kupanda. Nilibaki juu na mkono wangu kwenye ncha ya kamba, nimezama katika magugu, suruali niliyoikunja imeshateremka, na nilichokisikia kutoka hapo nilikisikia kupitia wigo.

Kwanza shikamoo ya Vumilia, ya taratibu sana. Kisha: "Na mimi? Mbona mimi sipandi?"

"Leo una chungu jikoni," Clemence akajibu.

"Chungu kinaweza kusubiri."

"Miguu yako inauma."

"Clemence! Miguu yangu mizima kabisa. Miaka yote unatuambia lazima mwenye shamba, mwenye shamba. Mwaka juzi ulimrudisha mama wa watu kwa sababu alimtuma mwanawe."

"Nilimrudisha, ndiyo. Na leo mgeni amesimama kwa niaba yako. Likitokea neno baadaye, lawama ni yangu, na Beatha atanila nyama. Unataka kamba ishuke au hutaki?"

Nilikuwa naisikia redio ya mtu mbali, kwaya. Kama angekataa, kila kitu kingeishia hapo: mzee angepanda tena kwake, na miche ingebaki na kivuli chake.

"Ishuke," Vumilia akasema.

Clemence alizunguka hadi ncha ya pili, tukaipandisha kamba kwa fito ndefu na kuikaza juu kabisa ya wigo. Mzee alikuwa amesimamishwa katikati ya kitalu, nilivyoelewa, akitazama kwake kutoka chini.

"Hapo, mzee?"

"Shusha."

Tukashusha.

"Hapo?"

"Shusha. Bado ni usiku huku." Halafu sauti yake ikabadilika, ikawa karibu na ardhi. "Vumilia, mbona umeibananisha hivi? Hata jua likija, itakosa hewa. Nilikufundisha hivi?"

"Mwalimu wangu hajaja kuniangalia mwaka wa pili huu."

Alilisema haraka, kama kofi, na nadhani alilijutia hapohapo, maana hakuongeza. Nilimsikia mzee akiguna, kisha Clemence akisema polepole, polepole, na nikaelewa kwamba alikuwa ameinama na sasa anainuliwa.

"Clemence."

"Naam."

"Shusha mpaka niseme mimi."

Tulishusha kamba ikapita kichwa changu, ikapita mabega. Vumilia, aliyekuwa ameomba upungue kwa kimo cha mtu tu, akasema imetosha. Mzee akasema haijatosha. Alikuwa anaangalia kitu kimoja tu, na alikuwa na haki: mteremko ni mkali, na mtu aliyesimama kule chini, hata wigo ukiwa wa kifua, anaona majani kisha anaona mbingu. Shamba la juu halimo. Kamba ilipofika kifuani pangu, akasema, "Hapo," na Clemence akaifunga.

Kukata kulichukua mchana wote. Clemence hukata juu kwa chenso, taratibu, akisimama mara kwa mara kuangalia kamba, kisha anazima na kumalizia pembeni kwa panga, akipandisha mkono kutoka chini kwenda juu ili wigo uwe mpana miguuni na mwembamba kichwani. Hivyo majani ya chini hayafi, na mbuzi hapati mlango. Harufu ya misanduku iliyokatwa ilijaa hadi kooni. Matawi manyoofu aliyaweka kando kwa ajili ya vigingi vya maharage, yaliyobaki tuliyaburuta jikoni kuwa kuni. Mwanga ulikuwa umeingia kwenye kitalu, mweupe, bila joto.

"Jua lenyewe utaliona kesho asubuhi," akamwambia Vumilia.

"Nisipoliona?"

"Umpigie Beatha."

Nilipoteremka mara ya mwisho, Clemence aliniona kabla ya wengine. Akanikunjia uso na kunionyesha kwa mkono nizunguke nyuma ya nyumba. Sikumwelewa, nikaja mbele. Mzee Danieli alikuwa ameketi mlangoni mwa jiko, ametugeuzia mgongo, kikombe cha chai mkononi. Vumilia alikuwa anapakua makande. Aliinua macho, akanitazama miguuni.

Suruali yangu ilikuwa nyeusi kwa mbegu za vishonanguo, kuanzia kwenye vifundo mpaka mapajani. Milimani hapa mtoto mdogo anajua kwamba mtu hazipati hivyo katika shamba lililolimwa. Vumilia alitazama wigo, akautazama mgongo wa mzee, na nikaona jambo lote likimfikia: mlango uliofungwa, marehemu Marta aliyesingiziwa, mimi na kamba yangu. Clemence alikuwa ameacha kukunja kamba.

"Njoo ukae hapa," Vumilia akaniambia, akinisogezea kigoda.

Akapiga goti, akaanza kuzichomoa moja moja, akizikusanya kiganjani. Kiganja kikijaa anazitupa motoni.

"Unafanya nini huko?" mzee akauliza bila kugeuka.

"Namsafisha mgeni, mzee. Amepita njia mbaya."

"Wageni hawaangalii wanapokanyaga."

"Ndivyo walivyo," Vumilia akasema, akaendelea kuchomoa.

Clemence alipumua, akafunga chenso ndani ya gunia. Alikula makande akiwa amesimama, akasema *hongea*, yaani asante, akakataa chai ya pili kwa sababu Beatha alikuwa ameshamwahidi mtu mwingine tawi lililolalia paa, na alitaka kuliona kabla giza halijaingia.

"Na wigo ukikua?" Vumilia akamuuliza.

"Mwakani nakuja. Mtasimama wenyewe."

"Wenyewe wawili?"

"Wawili. Leo ilikuwa leo tu." Alisema hivyo akiuelekea mgongo wa mzee, kwa sauti yake ile ya ng'ambo ya bonde.

Mzee Danieli alinywa chai yake hadi chini. Kisha akanyoosha kikombe kando, bila kutazama, na Vumilia akainuka kukijaza. "Martin akirudi mwambie anione," mzee akasema. "Aje na jembe. Na wewe punguza hiyo miche, usinione nimenyamaza."

Clemence alikuwa ameshaanza kuteremka, gunia begani, panga likimgonga kiunoni. Nilimtazama mpaka miwati ilipomfunika. Kisha nikarudi kwenye kigoda, maana mguu wa pili ulikuwa bado umejaa mbegu.