Mwalimu Aliyekariri Bainari

Mwalimu aliyetufundisha kompyuta pale Igogo alidai shikamoo kutoka kwa kila mtu, hata kwa mzee mmoja mstaafu wa bandari aliyemzidi umri kwa mbali. Alivaa tai hata Jumamosi, na neno "bainari" alilitamka kama padri wa zamani anavyotamka Kilatini. Sisi watu wa Kagera huwa tunasingiziwa majivuno. Yeye, Mkagera mwenzangu, hakusingiziwa.

Nilijiunga na kozi hiyo kwa sababu kazini kwetu walitaka cheti. Siku tuliyofikia bainari, yaani namba za kompyuta zinazoandikwa kwa sufuri na moja tu, aliandika 10 ubaoni, akamwinua binti niliyekaa naye dawati moja, Msukuma mpole kutoka Ilemela.

"Soma."

"Kumi, mwalimu."

"Kumi! Hapa tuko gulioni? Hiyo ni mbili."

"Kwa nini iwe mbili, mwalimu?"

"Kwa sababu kompyuta inasema hivyo. Kaa chini. Wewe ungebaki kuchunga ng'ombe."

Darasa likacheka. Binti akainama, machozi yakimdondokea mapajani. Nikanyoosha mkono, nikarudia swali lake. Mwalimu akanijibu kwamba bainari haiulizwi, inakaririwa. Akatugawia jedwali la kuanzia sufuri hadi kumi na tano, tukaliimba, watu wazima na ndevu zetu na watoto wetu nyumbani, kama chekechea. Hapo ndipo nilipong'amua: bwana huyu hajui. Alichonacho ni wimbo.

Jioni ile niliketi na jedwali mezani, hasira ikinisaidia kufikiri. Katika hesabu zetu za kawaida, kila ukisogea nafasi moja kushoto, thamani inakuwa mara kumi: moja, kumi, mia. Humu kwenye bainari inakuwa mara mbili tu: moja, mbili, nne, nane, kumi na sita. Tarakimu 1 inasema nafasi hii ihesabiwe. Sufuri inasema irukwe. Basi. Hilo ndilo fumbo alilokuwa akilibeba kama Ekaristi.

Kesho yake, wakati wa mapumziko, niliwakusanya wenzangu watano nyuma ya chuo, penye mawe. Nikawapanga mstari mmoja. Wa kulia kwangu kabisa alikuwa moja, anayemfuata mbili, kisha nne, nane, na mzee mstaafu mwisho kushoto, kumi na sita.

"Ukihesabiwa simama, usipohesabiwa kaa," nikawaambia. "Haya, mbili!"

Binti wa Ilemela, ambaye ndiye aliyekuwa mbili, akasimama. Akamtazama moja aliyekaa kando yake, akapiga kofi.

"Kumbe! Mimi ni hiyo 1, na huyu aliyekaa ndiye sufuri!"

Mwalimu akatoka na kikombe chake cha chai. "Mmeanzisha kwaya?"

"Tutajie namba yoyote, mwalimu," mzee akasema kwa adabu.

"Ishirini na moja," akajibu haraka. Namba hiyo haikuwemo kwenye wimbo wake.

Kumi na sita akasimama, nne akasimama, moja akasimama. Mwalimu aliwatazama, midomo ikimchezacheza. Hakuweza kusema tumepata wala tumekosa. Akanywa chai.

"Mmebahatisha," akasema, akarudi ndani.

Mtihani ulitungwa kwingine na haukuishia kumi na tano. Tulifaulu sisi wa kwenye mawe na wengine wachache. Kwenye mahafali mwalimu alisimama akaeleza kwamba matokeo hayo ni matunda ya kukariri, wageni wakampigia makofi.

Miezi kadhaa baadaye tulikwenda na yule binti kuchukua vyeti. Tukamkuta mwalimu nje na darasa jipya, kawapanga palepale kwenye mawe, tai shingoni, jasho likimtiririka. Moja alikuwa kamweka kushoto. Wanafunzi walikuwa wakilalamika kwamba hawafanani na alichoandika ubaoni.

"Wageuze, mwalimu," binti akamwambia. "Moja anakaa kulia."

Mwalimu hakumtazama. "Ndicho nilichokuwa nataka kuwaambia," akawaeleza wanafunzi wake.