Giga Mbili za Matangazo ya Vifo

Katika redio yetu ndogo hapa Bukavu mimi ndiye nilikuwa fundi wa kompyuta, kazi niliyojifunza humohumo, kwa diploma ya sekondari tu. Tulikuwa na serveri moja. Ndani yake niliweka mashine pepe mbili za Linux, yaani kompyuta mbili zinazoishi ndani ya moja: ya kwanza kwa hesabu za directeur, mkuu wa redio, ya pili kwa kurusha matangazo ya vifo. Memori niliigawa kama tunavyogawa nyama ya sherehe, mkubwa kwanza. Giga kumi na mbili kwa directeur, mbili kwa matangazo. Sikupima kitu.

Mwenzangu aliyesoma matangazo hayo alinicheka.

"Muzee, directeur akikula yote, wafu wangu watakula nini?"

"Wafu hawana njaa," nikamjibu.

Alifariki wakati wa mvua, tukamzika Nyantende. Kuanzia hapo nilisoma mimi.

Siku moja nilirekodi tangazo la mama mmoja aliyefariki. Mwanawe alikuwa Nyangezi, simu yake haipatikani, na mazishi ni kesho yake asubuhi. Adhuhuri tangazo halikutoka. Linux ikiishiwa memori huchagua programu na kuiua. Iliua ile ya kurusha. Programu ikajiwasha upya, ikaanza na faili za zamani. Sauti ya mwenzangu ikajaa studio, tulivu, ikitaja mmoja baada ya mwingine watu tuliokwisha kuwazika. Nilijua pa kuzima. Mkono haukwenda. Nilimngoja apumue pale alipozoea kupumua.

Ndani ya serveri ileile, giga kumi na mbili za directeur zilikuwa karibu zote hazitumiki.

Tangazo la mama nililirusha jioni. Mwanawe hakufika mazishini. Alikuja redioni baadaye, kofia mkononi.

"Nilizima redio, papa. Nilisikia marehemu anasoma marehemu. Niliogopa, sikuifungua tena."

"Kosa ni langu," nikasema. "Ile mashine niliinyima memori."

"Sikukuya kugombana. Weka ile ya mama, nisikie."

Nikaiweka. Sauti yangu ikataja jina la mama yake, halafu jina lake yeye, ikamwambia aanze safari mara moja, anangojewa.

Akasimama, akavaa kofia.

"Nakuja," akaiambia spika, akatoka bila kunitazama.