Magari Mawili Yaliyobaki

Nakumbuka siku moja, mwanzoni mwa miaka ya themanini, nilipotoka kwenye mtihani wa kazi nimejaa majivuno hadi kooni. Nimeikumbuka leo, mwanangu, kwa sababu umeniletea karatasi zako za maswali ya hesabu, za kujiandaa na mtihani wa kazi, ukasema maswali ni rahisi, hayahitaji kusomwa mara mbili. Maneno hayo niliyasema mimi kabla yako.

Hoteli moja ya ufukwe wa Bofa, pale Kilifi, ilitaka msaidizi wa stoo. Nafasi ilikuwa moja tu, nasi tulikuwa thelathini na ushei, wengine wametoka bara na vyeti vizuri kuliko changu. Mama alikuwa ameacha kazi kwa maradhi ya miguu, na nyumba nzima ilinitazama mimi. Basi nikaijaza karatasi mbio mbio, nikamaliza wa kwanza, nikaweka kalamu mezani kwa kishindo ili wenzangu wasikie. Mungu anisamehe, nilikuwa na maringo!

Kurudi kwetu Mnarani ilikuwa lazima nivuke kwa feri, maana daraja la Kilifi lilikuwa bado. Mjomba wangu Sudi ndiye aliyekuwa akiyapanga magari kwenye feri ile. Shule hakuiona, alisoma Kurani na basi. Nikampa shikamoo yake, kisha nikaanza kumtambia. Nikamsimulia swali moja nililolipenda kwa kuwa lilihusu kazi yake: feri huchukua magari sita kwa safari moja, na magari ishirini yanangoja kuvuka. Itakwenda safari ngapi hadi yavuke yote?

"Nimeandika tatu, baki mbili," nikasema.

Mjomba alikuwa ameshika mnyororo wa kuzuia magari, akauweka chini. "Hizo mbili wamwachia nani?"

"Ni baki tu, mjomba. Hesabu imeishia hapo."

"Swali lilisema zivuke zote, ama silo?"

"Lilisema zote."

"Basi safari ni nne. Hata ingebaki gari moja, ni nne." Sikuwahi kumwona amekasirika vile. "Siku mamako aliposhikwa na uchungu wako, gari iliyomchukua kwenda hospitali ilikuwa ya mwisho kwenye foleni. Feri ilijaa ikaondoka, ikabaki hiyo peke yake pale Mnarani. Nahodha alirudi kwa ajili ya gari moja. Wewe ndiwe uliyebaki siku ile, mwanangu. Leo waandika kwamba aliyebaki si kitu?"

Nililia mpaka ng'ambo, na mjomba hakunibembeleza. Kazi sikuipata. Alichukuliwa dada mmoja wa bara ambaye nilimwona kwa macho yangu akisoma kila swali huku kidole kikifuata maneno, nami nikamcheka moyoni. Miezi kadhaa baadaye hoteli ile ile ikatafuta mtu wa kuhesabu mashuka ya wageni. Nilifanya mtihani tena, na mara hii nilitoka chumbani wa mwisho. Kazi hiyo ndiyo iliyotulisha, mimi na mama, miaka yote aliyoishi.

Kwa hivyo nakuusia, mwanangu. Kugawanya na kuzidisha wajua, wala sina wasiwasi nawe hapo. Lisome swali hadi nukta yake ya mwisho kabla hujaigusa namba hata moja, ujue hasa umeulizwa nini. Ukishapata jibu, lirudishe pale lilipotoka, kwenye feri, kwenye magari, kwa watu wenyewe, utazame kama kuna uliyemwacha ufukoni. Mwenye haraka hamwoni huyo.

Mola akufungulie, akutulize moyo, na ukipewa kazi akujaalie kuwakumbuka wa mwisho kwenye foleni. Mimi mamako mkubwa nimefika hapa nilipo kwa sababu nahodha mmoja aliihesabu safari ya nne.