Palizi Nyuma ya Nyumba

Mwezi wa pili mwaka wa 1932 nilimpoteza mke wangu. Homa ilimshika siku tano, na siku ya sita ikammaliza. Tulimzika kwenye makaburi ya kambi ya vibarua wa chai, kwa sababu kwetu Kisii ni mwendo wa siku mbili kwa miguu na sikuwa na njia ya kumfikisha. Aliniachia bustani yake ya mboga, na mvua za mwaka huo mimi ndiye niliyeishika.

Ilikuwa nyuma ya nyumba yetu, kipande cha hatua ishirini kwa kumi, kati ya ukuta wa udongo na safu ya kwanza ya chai. Kwetu mwanamume hulima wimbi na mahindi, lakini mboga ni za mwanamke. Kwa miaka yote tuliyokaa kambini niliingia mle mara mbili au tatu tu, nikimtafuta kuku. Saga nimeila tangu utoto, ile mboga chungu inayochemshwa na maziwa mpaka ukali upungue. Niliijua ikiwa chunguni. Sikuwahi kuiona ikianza kuota.

Mwezi wa tatu mtu wa kwetu alikuja kutafuta kazi, akaniletea neno kutoka kwa mama mkwe. Nzige walikuwa wamekula kila jani kwake, na mbegu yake ya saga ilikuwa imekwisha. Aliniomba nimwekee ya binti yake. Mbegu hiyo ilikuwa ya mama huyo tangu mwanzo, saga ya shina jekundu, na ndiye aliyemfungia binti yake kwenye ncha ya kitambaa siku alipokuja kwangu. "Anasema atakuja mwenyewe mvua zikipungua," mtu yule aliniambia. Nilijibu kwamba ataikuta.

Nilitafuta ndani ya vibuyu, ndani ya nguo zake, chini ya kitanda na juu ya dari yenye masizi. Hakukuwa na mbegu hata moja. Jirani yangu, mwanamke wa kwetu aliyekuwa rafiki yake, angeweza kuniambia, lakini alikuwa amekwenda nyumbani kujifungua. Nikaona kwamba kama mbegu ipo, labda imo udongoni. Basi niusafishe udongo, niisubiri.

Kazi yangu shambani ilikuwa palizi. Chai ilikuwa bado changa, na nyapara alitembea nyuma yetu akiwa ameinama. Akikuta unyasi mmoja mrefu kama ukucha, unarudia mstari wote. Kufikia mwaka ule mikono yangu haikuningoja tena. Kitu kikitokeza kichwa, kimeshang'olewa. Hivyo ndivyo nilivyoitunza bustani ya mke wangu. Nililima kabla ya kengele ya asubuhi, na nikitoka kazini nilipiga magoti nikachambua kwa vidole.

Mvua zilikuja na kila kitu kiliniendea vibaya. Maharagwe yalipofika magotini, mvua ya mawe ilianguka alasiri moja ikayachana majani yakabaki kama matambara. Nilipanda mengine, nayo yakapigwa vilevile. Fuko alikula viazi vitamu kutoka chini, kwa hiyo nilivuta shina zuri la kijani nikakuta halina kitu. Mahindi yalikuwa ya manjano na membamba. Na saga haikuota. Kila asubuhi niliinama kuitafuta, na kila asubuhi niliona udongo mwekundu tu, na magugu machache yaliyoota usiku, ambayo niliyang'oa.

Mwenzangu mmoja wa kutoka upande wa ziwa alisimama siku moja akitazama.

"Bwana, hii ni bustani au ni uwanja wa mpira?"

"Ni bustani."

"Basi mboga zako zina haya sana. Funga macho kidogo, labda zitatoka."

Watu walicheka, nami nilicheka kidogo, kisha nikaendelea kuchambua.

Mwezi wa sita jirani alirudi na mtoto mgongoni. Alilia kwanza, maana hakuwepo kwenye mazishi. Kisha akazunguka nyuma ya nyumba.

"Shemeji, saga iko wapi?"

"Haijaota."

"Yake huota yenyewe. Hakuwa akipanda. Aliacha mashina ya mwisho yakauke, akayatikisa hapa hapa."

Aliitazama ile ardhi iliyofagiliwa, kisha akatazama rundo langu la magugu kando ya ua. Aliinama akachomoa kijimea kilichonyauka, akakiweka kwenye kiganja chake.

"Na hii ni nini?"

"Ni gugu," nilisema, kabla sijatazama vizuri.

Kilikuwa na vijani vitano kama vidole, na kishina chekundu kama uzi.

"Shemeji," alisema.

Nililipekua rundo lote. Karibu yote yalikuwa yameoza. Nilipata vijimea kumi na kimoja vyenye uhai kidogo, nikavipanda, nikavimwagilia kwa kopo. Jumapili vyote vilikuwa vimekufa.

Sitaficha lililofuata. Wanawake wa Kipsigis walioleta maziwa kambini walikuwa na saga yao, na mmoja alinipa mbegu kidogo nilipomwomba. Niliifunga ndani ya kitambaa cha mke wangu, ili mama mkwe adhani ni yake. Kilikaa siku tatu chini ya mto wangu. Siku ya nne niliimwaga jikoni kwenye majivu.

Mama mkwe alifika mwezi wa saba, miguu imejaa vumbi. Kwetu mkwe haingii nyumbani kwa mkwewe, wala hawatazamani usoni. Alikaa kwa jirani, nami nikasimama nje ya ukuta, na kila neno likapitia kwa jirani, ingawa sote tulisikiana.

"Mwambie mkwe wangu nimekuja kuchukua mbegu."

"Mwambie mama hakuna. Niliing'oa yote. Sikuijua ikiwa ndogo."

Ndani mtoto wa jirani alikohoa.

"Mwulize aling'oa mara ngapi."

"Kila siku, tangu mwezi wa tatu."

Alitoka akaenda nyuma ya nyumba yangu, nami nikasogea mbali ili tusikutane. Nilimwona akipita polepole kati ya mahindi yangu ya manjano. Alichuchumaa, akachukua udongo, akaupepeta kwa vidole, akaurudisha. Alikaa hivyo muda mrefu na kanga kichwani. Sijui kama alilia, maana alinipa mgongo.

Aliporudi alisema, "Mwambie udongo huu asiuguse mpaka mvua nyingine. Kitakachoota, kiote."

"Mwambie mama nimesikia."

"Hata neno langu la kwanza alilisikia," alisema. Jirani hakuniambia hilo. Hakukuwa na haja.

Asubuhi aliondoka. Jembe la mke wangu lilikuwa limeegemea ukuta, mpini wake umelainika kwa mikono yake na yangu. Mama mkwe alilichukua bila kumwambia mtu, akaliweka begani. Nilimfuata kwa mbali, kama inavyotakiwa, mpaka chai ilipoishia. Alipofika kwenye kona ya barabara alilihamishia bega la pili, akaendelea kutembea.